Mama wa miaka 71, sukari 198 na tansiyo 165: jibu refu kutoka Katuba

Dada, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Kwa waliochelewa: mama yake ana miaka 71, anakaa Ruashi hapa Lubumbashi na wajukuu wawili, na yeye binti yuko kazini Kolwezi. Mama alipimwa kituo cha afya kabla ya kula, sukari ikasoma 198, tansiyo (shinikizo la damu) 165 kwa 95. Akapewa glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, na kidonge cha tansiyo, akarudi nyumbani. Majirani wanamwambia aache bukari, ugali wetu, kabisa na anywe majani machungu. Binti anauliza aanzie wapi. (Wenzetu wa Tanzania na Kenya, sisi huku tunasoma kwa mg/dl. Gawanya kwa 18 upate namba zenu. Hiyo 198 ni 11.)

Mimi si daktari. Namtunza baba yangu mzazi hapa Katuba, mwenye sukari na tansiyo vyote viwili, na kabla yake nilimuuguza mama mdogo. Matibabu ya bure ya baba yaliisha siku ileile kazi ya mgodini ilipoisha, kwa hiyo nimejifunza kuuliza maswali kabla ya kutoa pesa.

Karibu wote waliokujibu wameandika habari ya sukari kupanda. Kwa mtu wa umri wa mama yako, mimi naogopa zaidi sukari kushuka. Ikipanda inaharibu taratibu, miaka na miaka: macho, figo, mishipa, miguu. Ikishuka inaweza kummaliza mtu usiku mmoja, au akaanguka akavunjika nyonga, na huo kwa mzee ndio mwanzo wa kulala kitandani moja kwa moja. Na dawa aliyopewa ndiyo hasa yenye tabia hiyo. Glibenclamide inalazimisha kongosho kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu, na inaendelea kufanya kazi saa nyingi, zaidi tena kama figo zimechoka. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba haifai kwa waliovuka miaka 60, na limeweka gliclazide kuwa chaguo lake katika kundi hilo. Usimwachishe mwenyewe kwa simu. Rudini kwa daktari mumuulize kama metformin inamfaa, au gliclazide. Metformin peke yake ni nadra kuangusha sukari, ila kwanza wampime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, maana figo zikiwa dhaifu sana haitumiki. Mwanzoni inavuruga tumbo. Aanze na kipimo kidogo, anywe na chakula, kwa kawaida tumbo linazoea.

Wakati mnasubiri hiyo safari, sheria ya nyumbani ni moja: hakuna chakula, hakuna kidonge cha sukari. Nasema hivi kwa sababu ya maombi. Mama mdogo wangu alikuwa mtu wa kufunga, na alikuwa anafunga huku anameza dawa zake asubuhi kama kawaida, kwa sababu aliambiwa asikose hata siku moja. Jioni moja akaanza kuongea maneno yasiyoshikana, anamtukana mjukuu aliyempenda kuliko wote, jasho la baridi linamtoka, mikono inatetemeka. Wenzake wa kikundi cha maombi wakaanza kukemea pepo. Jirani yetu muuguzi akaja na kipimo chake: 41. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, robo saa akapima tena, ikawa inapanda, ndipo akapewa chakula. Pepo likatoka.

Wafundishe wale wajukuu hiyo picha: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, ukali au kuchanganyikiwa kusiko kwa kawaida. Chini ya 70 ni kutibu papo hapo, na kama hakuna kipimo, mpe sukari kwanza, maswali baadaye. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni, ni hospitali mbio. Na aliyeangushwa na glibenclamide hata akizinduka apelekwe, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena usiku. Kuhusu kufunga, ongea na mchungaji wake kabla ya kuongea na yeye. Mama mdogo hakunisikiliza mimi. Mchungaji alipomwambia afunge maneno na si chakula, akatii siku hiyo hiyo.

Jambo jingine la hapa kwetu: malaria. Kwinini inashusha sukari. Mzee ana homa, hali chochote, anatapika, amewekewa kwinini ya mshipa, na mtu wa nyumbani anampa kidonge chake cha sukari kwa uaminifu wote. Akilazwa kwa lolote, neno la kwanza kwa muuguzi liwe kwamba ana sukari na anakunywa dawa gani, na umwombe apimwe mara kwa mara. Akitapika au kuhara sana, hata metformin isimamishwe mpaka daktari amwone.

Sasa bukari. Kuikata kabisa haiwezekani na haihitajiki. Anayemwambia mama wa miaka 71 wa Lubumbashi asile bukari anamfundisha kula kwa kujificha. Shida yetu ni kipimo na mpangilio. Tunakula sahani moja, tonge linafuata tonge, mboga ni ya kuchovya tu. Nilipojaribu kumpakulia baba sahani yake peke yake, alinyamaza siku nzima. Kwake kupakuliwa pembeni ni kutengwa kama mgonjwa wa kuambukiza. Kilichofanya kazi ni kubadilisha meza ya wote. Kila mtu sasa ana sahani yake, hata watoto. Mboga inapakuliwa kwanza na inajaza nusu ya sahani, matembele au lengalenga, bukari ni kiasi cha ngumi yake mwenyewe, robo iliyobaki ni samaki wa tomson, maharage au vinkubala (viwavi). Na anaanza kula mboga, bukari inafuata. Mke wangu alilalamika habari ya kuosha sahani nyingi, ana haki, lakini yeye mwenyewe tansiyo yake imetulia tangu hapo.

Msigeuze bukari kwa wali, viazi au mkate mkadhani mmepona. Vyote ni wanga. Muhogo nao ni wanga, hata mkichanganya unga. Maharage yanachelewesha sukari kupanda, kwa hiyo ni rafiki. Chai ya asubuhi yenye vijiko vinne na mkate mweupe ndiyo inayowaharibia wazee wengi, wala si bukari ya mchana.

Na munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi! Watu wanasema ni kinywaji cha asili, hakina neno. Ile mizizi inayotiwa ndani kazi yake ni kuvunja wanga wa mahindi kuwa sukari, ndiyo maana uji mzito unageuka mwepesi na mtamu. Hata kabla muuzaji hajatia sukari yake, sukari ipo. Baba anakunywa kikombe kidogo kwenye matanga au harusi, basi. Lutuku sitaki hata kuieleza: pombe kali pamoja na kidonge cha sukari tumboni tupu ni safari ya kwenda palepale pa 41.

Upande wa tansiyo adui mkubwa ni chumvi. Shirika la Afya linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kwa chakula chote, na sisi tunatia chumvi, tunatia vile vidonge vya kukolezea supu, halafu mboga yenyewe ni bitoyo, samaki wa chumvi. Bitoyo iloweshwe usiku, maji yamwagwe, iloweshwe tena, na chungu hicho kisitiwe chumvi nyingine. Anavyopimwa pia ni muhimu: akae ametulia dakika tano, ameshakojoa, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee. Aliyepanda taksibasi kutoka Ruashi na kupanda ngazi za kituo atasoma juu tu. Mwombe muuguzi ampime pia akiwa amesimama. Ikishuka kwa 20 au zaidi ile namba ya juu, mwambieni daktari, maana huyo ndiye anayeanguka akienda chooni usiku.

Kuna vitu viwili vya kutafuta kwenye mfuko wake wa dawa, kwa sababu wazee wote wana maumivu ya magoti. Diclofenac na ndugu zake, ibuprofen na wengine, vinapandisha tansiyo na kuumiza figo, hasa vikichanganywa na dawa za tansiyo. Na dexamethasone, ambayo inauzwa kwenye vifarmasi vya mtaani kama peremende, kwa maumivu na kwa kunenepa, inarusha sukari juu vibaya. Nimeona mtu akiongezewa dozi ya sukari mara mbili kumbe alikuwa anachomwa sindano ya mgongo kila wiki. Lakini kama ameitumia muda mrefu asiikate ghafla, daktari ampunguzie. Kwa magoti mwulizeni daktari kama paracetamol itamtosha.

Miguu. Hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu Juni na Julai zinakuja na unaijua baridi ya usiku wetu. Wazee wanavuta kiti karibu na mbabula (jiko la makaa) na kunyoosha miguu kwenye makaa. Mwenye sukari ya miaka mingi anaweza asihisi moto. Mjomba alikaa hivyo akipiga soga, tukasikia harufu, tukadhani ni mahindi. Kisigino kilikuwa kimebabuka na yeye anaendelea kucheka. Kidonda hicho kilichukua miezi. Kwa baba sasa ni soksi za sufu na blanketi, mbabula inakaa mbali, na maji ya kuoga mtu mwingine anayapima kwa kiwiko kwanza. Kila usiku mjukuu aangalie nyayo na katikati ya vidole, akaushe vizuri baada ya kuosha, atie mkono ndani ya kiatu kabla bibi hajavaa. Sugu zisikatwe kwa wembe. Kidonda, hata kidogo kisichouma, kionwe kituoni siku hiyohiyo. Kutouma kwake ndiyo habari mbaya.

Kipimo cha nyumbani mnunulie, lakini kabla ya kulipa uliza kama bandeleti zake, vile vipande vya kutilia damu, zinapatikana Lubumbashi mwaka mzima, kwa sababu za mashine moja haziingii nyingine. Mashine inaweza kuwa rahisi, pesa inaliwa na bandeleti. Kikopo kifungwe, tarehe iangaliwe. Na aoshe mikono kwa sabuni akauke kabla ya kuchomwa: msimu wa maembe mjukuu wangu alimpima babu yake akapata 300 na ushee, nyumba nzima ikasimama, baba akanawa, tukapima tena, 152. Lilikuwa embe.

Namba gani mtafute? Msimkimbize afike 100. Kwa mzee mwenye magonjwa zaidi ya moja madaktari wengi wanaridhika na 90 hadi 150 kabla ya kula, na kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, chini ya 8. Kijana anabanwa zaidi. Daktari wenu ndiye ataweka yake, ila akikwambia 130 asubuhi ni sawa, usiende kutafuta dawa kali zaidi kwa mwingine.

Majani machungu sitagombana nayo. Akitaka kunywa anywe, ila asiache vidonge, na mumpime zaidi wiki hizo, kwa sababu kama kweli yanashusha, basi yanaongezeka juu ya dawa. Anayemuuzia na kumwambia atupe vidonge, mfukuzeni.

Kama siku moja atahitaji insulini, usiogope habari ya umeme kukatika. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka nyuzi 2 hadi 8, hizo aweke kwenye friji ya farmasi au ya jirani mwenye jenereta. Iliyofunguliwa inakaa nje wiki nne, penye baridi na giza. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti mwaka 2021 kutokana na joto lililopimwa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, kati ya nyuzi 25 na 37, na insulini ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Chungu cha udongo chenye maji pembeni kinatosha. Isigande tu, iliyoganda itupwe.

Kwa vile uko Kolwezi, chagua mjukuu mmoja, si wawili. Wawili kila mmoja atadhani mwenzake ametoa dawa, au wote watatoa. Awe na daftari: saa ya chakula, saa ya dawa, sukari, tansiyo. Akutumie picha ya ukurasa kila Jumapili. Na daftari hilo ndilo liende hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, pamoja na mfuko mzima wa dawa, za magoti na za mtaani zikiwemo. Siku hiyo muombe kreatinini, mkojo uangaliwe protini, HbA1c kama pesa inaruhusu, na macho yakaguliwe kwa ndani. Kama anakohoa zaidi ya wiki mbili sema, kwa sababu kifua kikuu kinawapenda wenye sukari na dawa zake hazilipiwi.

Na wewe mwenyewe, dada, kama umefika miaka 40, pima. Tumbo tupu, asubuhi. 126 au zaidi mara mbili ni sukari. Ukipata kreatinini ya mama iandike hapa, kuna muuguzi humu anayezijua kuliko mimi.