Anza na seli, mapafu yatafuata

Kila mwaka, kwenye masomo ya jioni huku Donholm, Nairobi, naona wanafunzi wapya wakiivamia mada ya upumuaji kwa kukariri: samaki matamvua, mdudu vitundu, chura ngozi na mapafu, ndege mapafu na vifuko vya hewa. Orodha inaingia Jumatatu, Ijumaa imeshatoka. Wadogo zangu, geuzeni mwendo. Anzeni na kazi ya oksijeni ndani ya seli, ndipo mrudi nje.

Kazi yenyewe ni hii. Seli huvunja glukosi ili ipate nishati. Pasipo oksijeni, molekuli moja ya glukosi huipa seli faida ya ATP 2 tu (ATP ni molekuli inayobeba nishati ya kutumiwa na seli). Ikiwepo, mitokondria, yaani vijiumbe vya ndani ya seli vinavyotengeneza nishati, huendeleza kazi hadi zikapatikana takriban 30. Humo ndani elektroni hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, na oksijeni ndiyo inayosubiri mwisho kabisa. Huzipokea, ikaungana na hidrojeni, yakawa maji. Isipokuwepo, foleni yote husimama kama Jogoo Road asubuhi ya mvua. Ubongo ndio unaoumia kwanza, maana hutumia nishati nyingi na hauna akiba ya maana.

Hapo pia ndipo mnapopoteza alama bure. Wengi huandika kwamba mapafu hugeuza oksijeni kuwa kaboni dayoksaidi. Mapafu hayageuzi chochote. Kaboni unayoitoa ilitoka kwenye chakula, na oksijeni uliyoivuta imeishia kwenye maji. Tena hatuitumii yote: hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, tunayotoa bado ina kama 16.

Ukishayashika hayo, kila ogani inakuwa jibu la swali moja: oksijeni itaifikiaje seli iliyo mbali na nje? Yenyewe husambaa polepole mno mwilini, kwa hiyo mnyama mkubwa huhitaji utando mwembamba, wenye unyevu, uliokunjwakunjwa ili uwe na eneo pana, na damu ikipita karibu yake.

Msichukue neno langu tu. Nendeni sokoni Gikomba asubuhi, umwambie mama wa samaki, "Mama, nipe tilapia mzima, usimtoe matamvua." Atakushangaa, lakini atakupa. Nyumbani, inua kifuniko cha shavu. Utaona matao manne kila upande: kwa ndani vijino vyeupe vya kuchuja, kwa nje nyuzi nyekundu zilizojaa damu. (Zikiwa za kahawia, huyo samaki amelala sana, na hilo litakufaa hata ukifeli biolojia.) Sasa kata tao moja ulitie kwenye bakuli la maji. Nyuzi zinafunguka, moja moja. Litoe nje: zinashikana na kuwa kidonge. Eneo lote limepotea. Ndiyo sababu samaki hukosa pumzi katikati ya hewa tele, ingawa lita moja ya hewa ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni na lita ya maji ya uvuguvugu haifikishi hata 9. Akiwa majini humudu uhaba huo kwa sababu damu kwenye matamvua hupita kinyume na mkondo wa maji, hivyo kila mahali hukutana na maji yenye oksijeni kuizidi.

Ila msiandike kwamba samaki wote hawapumui hewa. Kamongo wa Ziwa Victoria ana mapafu, na ukimzuia kupanda juu, anakufa maji.

Mende ni rahisi. Ana jozi 10 za vitundu ubavuni, na mirija inayopeleka hewa hadi kwenye seli bila kupitia damu. Damu yake haibebi oksijeni kwa kiasi cha maana, wala kichwa chake hakihusiki na upumuaji. Someni mara moja, mwende mbele.

Lingine linalowachanganya sana wakaaji wa hapa ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, lakini asilimia ya oksijeni hewani ni ileile 21 ya Mombasa. Kilichopungua ni kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, kwa takriban sehemu moja ya tano, na kanieneo ndiyo inayoisukuma oksijeni ivuke utando wa mapafu kuingia kwenye damu. Anayetoka pwani atahema akipanda ngazi siku za kwanza. Mjini Iten, kwenye mita 2,400 hivi, hali ni kali zaidi, na mwili hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Ukiulizwa, andika kanieneo. Ukiandika asilimia, mwalimu hatakuhurumia.