Maswali ya Wasomaji: Ruger ya skrubu tatu na ndugu yake wa 1973

Barua za safari hii karibu zote zinahusu rivolva za kampuni ya Kimarekani ya Ruger, zile za kuvuta nyundo kwa kidole gumba, yaani Blackhawk na mdogo wake Single-Six wa kaliba ya .22. Single-Six ilitoka 1953, Blackhawk ya .357 Magnum ikafuata 1955, na majina hayo bado yako sokoni Marekani hadi leo. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kushika bastola za jina moja na ndani zikawa mbingu na ardhi. Kabla ya kujaribu lolote tunaloeleza hapa, fungua kilango cha kujazia, zungusha silinda mzunguko mzima na uchungulie chemba zote sita, moja baada ya nyingine. Usitosheke na neno la muuzaji kwamba ni tupu.

Shikamooni wataalamu. Dukani nimeonyeshwa Blackhawk mbili za .357, zote zimeshatumika. Moja wanaiita Old Model na bei yake iko juu, nyingine New Model. Kwa macho yangu ni kulwa na doto. Tofauti iko wapi, na kwa nini ya zamani iwe ghali? (Msomaji, Houston, Texas)

Marahaba. Anza na ubavu wa bodi, yaani kiunzi cha chuma kinachobeba silinda, juu ya kifyatulio. Ukiona vichwa vya skrubu tatu, hiyo ni ya 1972 kurudi nyuma. Ukiona pini mbili laini, ni ya 1973 kuja mbele, na kwenye bodi patakuwa pamechongwa maneno NEW MODEL. Mtutu nao husema umri wake. Wenye maandishi kwamba bastola imetengenezwa katika mwaka wa 200 wa uhuru wa Marekani ni wa 1976. Ule wenye onyo refu la kukutaka usome kitabu cha maelekezo ni wa miaka ya mwisho ya sabini au baadaye.

Hizo ni alama za nje tu. Tofauti yenyewe iko kati ya nyundo na pini ya kugonga. Old Model imerithi mpangilio wa rivolva ya Colt ya 1873. Ruger walitupa springi bapa za Colt, ambazo zilikuwa zikikatika, wakaweka za kujiviringa, lakini vituo vya nyundo wakaviacha vilevile. Nyundo ikilala, uso wake unakandamiza pini, na ncha ya pini inaegemea fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi iliyo mbele yake. Bastola ikidondoka sakafuni kwa kisogo, pigo halina pa kuishia: kutoka kwenye nyundo linaingia kwenye pini, na kutoka kwenye pini linaingia kwenye fataki.

Katika New Model uso wa nyundo umekatwa ngazi. Sehemu ya juu inatua kwenye bodi, ya chini inabaki na pengo dogo bila kuifikia pini. Kwenye kifyatulio pameshikizwa kipande chembamba cha chuma. Tukiite kipande cha kati. Ukivuta kifyatulio, kipande hicho kinapanda na kuziba pengo, nyundo inakigonga, nacho kinaigonga pini. Ukiachia kifyatulio, kinashuka. Mwombe muuzaji ruhusa, hakikisha tena kwamba ni tupu, vuta nyundo hadi mwisho kisha ishushe polepole kwa kidole gumba huku kifyatulio kikiwa kimebanwa. Utakiona kipande kimesimama mbele ya nyundo. Ondoa kidole kwenye kifyatulio, kitatoweka.

Namna ya kujaza nayo ilibadilika. Old Model unavuta nyundo hadi kituo cha nusu ili komeo la silinda lishuke na silinda izunguke. New Model nyundo haiguswi: ukifungua kilango, kilango chenyewe kinashusha komeo na papo hapo kinaizuia nyundo isivutwe.

Bei ya Old Model haitokani na ubora wa usalama, maana hapo imeachwa mbali. Wanaoipandisha ni wakusanyaji, kwa kuwa hazitengenezwi tena, na pia wapigaji shabaha wanaopenda kifyatulio chake kifupi. Cha New Model kina safari ndefu zaidi kwa sababu lazima kiinue kipande cha kati kabla ya kuachia nyundo. Lipo na jambo la tatu ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Blackhawk ya .357 ya 1955 hadi 1972 ilijengwa kwenye bodi ndogo, ukubwa wa Colt ya 1873. Mwaka 1973 .357 ikahamishiwa kwenye bodi kubwa ileile ya .44 Magnum. Zishike zote mbili hapo dukani, mkono utakwambia. Kama unatafuta bastola ya kutumia, chukua New Model na chenji irudi mfukoni. Ukitaka bodi ndogo pamoja na kipande cha kati, ulizia .357 zilizotolewa kuanzia 2005 kwa kuadhimisha miaka 50 ya Blackhawk.

Baba mkwe ameniachia Single-Six ya miaka ya sitini. Yeye alikuwa akijaza sita na kuvuta nyundo kidogo hadi kituo cha kwanza, akisema hiyo ndiyo seifu yake. Ni sahihi? (Msomaji, Phoenix, Arizona)

Si sahihi, na kwa heshima zote za mzee, tabia hiyo iishie hapo. Kituo cha kwanza kinashikiliwa na ncha nyembamba ya kifyatulio iliyoingia kwenye mkato mdogo wa nyundo. Nyundo ikipata pigo zito, ama ncha inavunjika ama ukingo wa mkato unamong'onyoka, na nyundo inaendelea na safari yake. Kesi ya mtu aliyejeruhiwa mguu kwa Ruger ya skrubu tatu ilifika hadi Mahakama ya Juu ya jimbo la Alaska, iliyotoa uamuzi wake 1979.

Bastola ya skrubu tatu ambayo haijabadilishwa kiwandani (tazama barua inayofuata) hubeba risasi tano, na nyundo hulala juu ya chemba tupu. Mtutu ukielekea mahali salama, vuta nyundo hadi nusu na ufungue kilango. Weka risasi moja, ruka chemba moja, weka nne mfululizo. Funga kilango, vuta nyundo hadi mwisho kabisa, kisha ishushe taratibu. Kama hukukosea hesabu, chemba uliyoiruka ndiyo iko chini ya nyundo. Kwenye kaliba kubwa unaweza kuhakikisha kwa kutazama ubavuni, kwenye upenyo kati ya silinda na bodi, ambako vitako vya maganda vinaonekana. Single-Six haikupi nafasi hiyo, kwa sababu vitako vya .22 vimezama ndani ya silinda. Ukishuku hata chembe, toa zote uanze upya.

Usishushe nyundo kutoka kituo cha nusu. Ukifanya hivyo komeo linaruka juu kabla ya wakati na kuikwaruza silinda badala ya kuingia kwenye kitundu chake. Ule mstari wa duara unaouona kwenye silinda za zamani mara nyingi ni kumbukumbu ya mazoea hayo.

Nimesikia Ruger hubadilisha za zamani bure. Nikubali? Na nikinunua ya mkononi, nitajuaje kama imeshabadilishwa? (Msomaji, Denver, Colorado)

Ni kweli, huduma hiyo ipo tangu 1982. Bastola inapelekwa kiwandani, wanaiwekea nyundo, kifyatulio na kipande cha kati pamoja na vinavyoambatana navyo, kisha unarudishiwa bila kulipia kazi. Kifurushi cha vipuri hakiuzwi ukajifungie mwenyewe nyumbani, na sababu ni nzuri: kila bastola inafitishwa.

Vipuri vya zamani unarudishiwa kwenye mfuko. Mfuko huo usiutupe hata kidogo! Mkusanyaji hununua bastola pamoja na mfuko wake, na iliyopoteza mfuko hushuka thamani. Kama ni ya kukaa kabatini isiyojazwa risasi kamwe, iache ilivyo. Ikiwa itabebwa, au kuna kijana nyumbani atakayeirithi na mazoea ya New Model ya kujaza sita, ipeleke. Kifyatulio hakitakuwa kitamu kama mwanzo. Hilo litaje moyoni mapema ili usije ukalaumu mafundi.

Kuitambua, skrubu tatu hazitoshi, maana hubaki palepale hata baada ya mabadiliko. Tazama uso wa nyundo. Ukiwa bapa wote, ni ya asili. Ukiwa na ngazi, imebadilishwa. Kisha fanya lile jaribio la kipande cha kati tulilolieleza juu.

New Model yangu ya .44, nikizungusha silinda wakati wa kujaza hadi niusikie mlio, chemba inakuwa imekipita kilango. Tena risasi nzito zikipigwa, silinda hukwama. Nimeuziwa mbovu? (Msomaji, Portland, Maine)

La kwanza si ubovu, ndivyo ilivyotoka. Mlio huo ni wa kidole cha chuma kinachosukuma silinda kikidondoka kwenye jino linalofuata, na katika New Model hudondoka baada ya chemba kukipita kilango. Silinda hairudi nyuma, hivyo ukiipitisha unazunguka upya hadi ifike tena. Dawa ni kuacha kufuata sikio: zungusha taratibu huku ukitazama chemba, simama kabla ya mlio. New Vaquero ya 2005, rivolva nyingine ya Ruger ya jamii hii, ilirekebishwa, chemba inakaa sawa na kilango na silinda inakubali kurudi kidogo.

Hilo la pili lishughulikie leo. Tazama pini ndefu ambayo silinda inazungukia. Mshindo wa .44 Magnum huweza kuichomoa mbele kidogo kidogo hadi silinda ikae upande. Weka alama ya penseli pini inapokutana na bodi, piga risasi sita, tazama tena. Ikiwa imesogea, lawama ni ya springi dhaifu ya kitufe kinachoishika, au pini ina mkato uliolika. Springi ngumu zaidi haina gharama kubwa na fundi huiweka mara moja. Pini ikiwa imetulia na silinda bado inakwama, chunguza fataki zilizotumika: zikiwa zimechomoza nyuma na kukwaruza bodi, tatizo ni risasi unazotumia.

Na kama siku moja nyundo itaanguka bila risasi kulia, pengine hukuvuta kifyatulio hadi mwisho. Kipande cha kati hakijapanda vya kutosha, au kimeshashuka. Kipande kikivunjika matokeo ni hayohayo, bastola hukaa kimya. Kiliundwa hivyo kwa makusudi.

Kitabu changu cha kujazia maganda upya kina ukurasa wa vipimo vizito vya baruti vya .45 Colt ulioandikwa kwamba ni kwa Ruger pekee. Nina New Vaquero. Si Ruger hiyo? (Msomaji, Boise, Idaho)

Ni Ruger, lakini ukurasa huo haukuhusu. Uliandikwa kwa ajili ya Blackhawk ya .45 ya bodi kubwa na Vaquero ya awali ya 1993 hadi 2005. New Vaquero ina bodi ndogo, na kuta za silinda yake ni nyembamba zaidi. Baki kwenye kurasa za kawaida za .45 Colt.

Naweza kupiga .38 Special kwenye Blackhawk ya .357? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Bila wasiwasi. Ila ganda la .38 ni fupi, hivyo masizi na madini ya risasi yaliyoyeyuka hujenga pete ndani ya chemba pale ganda linapoishia. Siku utakapotia .357, ganda refu litakwama kwenye pete hiyo, kuingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Sugua chemba kwa brashi ya shaba kila baada ya mazoezi ya .38.

Nahamia nyumbani mwakani. Niibebe? (Msomaji, Minneapolis, Minnesota)

Usiiweke kwenye sanduku ukitegemea kueleza mbele ya safari. Fuata utaratibu wa kuitoa Marekani na upate kibali cha kuiingiza unakokwenda, vyote vikamilike kabla ya kukata tiketi. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Leseni ya Minnesota haina nguvu katika nchi yoyote kati ya hizo mbili.

Single-Six yangu ilikuja na silinda mbili, ya .22 LR (Long Rifle) na ya .22 Magnum. Nikitia LR kwenye silinda ya Magnum inaingia vizuri tu. Kuna ubaya? (Msomaji, Tulsa, Oklahoma)

Upo. Ganda la LR lina unene wa milimita 5.7 hivi, la Magnum ni kama 6.1. LR inaingia kwa sababu inapwaya. Ikilipuka, ganda linatanuka hadi kupasuka na gesi moto inatoka nyuma kuelekea usoni kwako. Silinda zihifadhi kwenye vifuko viwili tofauti, kila kimoja kiandikwe kwa kalamu isiyofutika. Na usiazime silinda ya Single-Six ya mtu mwingine hata kama kaliba ni ileile, kwa sababu kila moja imefitishwa na bodi yake.