Wadogo zangu wa ugani, geuzeni jani kwanza

Msimu wa mahindi umeanza, na kundi letu la WhatsApp limejaa picha za majani na swali lilelile: "Kiongozi, hili doa la kijivu ni ugonjwa gani?" Si ugonjwa, ni mayai ya kiwavijeshi vamizi. Nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Ule ukijivu ni magamba ya nondo, mama wa kiwavi huyo. Jike akitaga huyafunika mayai kwa magamba ya tumboni mwake, na fungu zima likaonekana limeota ukungu. Nayajua haya kwa aibu. Mwaka 2017, mdudu huyu akiwa bado mgeni nchini, mama mmoja alinionyesha jani lenye fungu kama hilo upande wa chini. Nikalitazama nimesimama wima, buti mpya, kalamu sikioni, nikatamka: ukungu. Nikamwandikia dawa ya ukungu, naye akaichukua dukani kwa mkopo. Niliporudi, majani yalikuwa yamejaa vidirisha, yale madoa angavu yaliyokwanguliwa na viwavi, na viwavi wenyewe wamekwisha kuingia kwenye moyo wa mhindi, mahali ambapo hata dawa sahihi hufika kwa shida. Hakunigombeza. Alinikaribisha uji, akasema, "Kumbe ukungu wako una miguu, mwanangu." Lenzi ya kukuzia ilikuwa mfukoni siku ile. Mpaka leo tukikutana gulioni ananiuliza kama ukungu wangu haujambo.

2. Kwa hiyo lenzi itoke mfukoni. Yai moja lina upana wa milimita 0.4 hivi na kimo cha 0.3, chini bapa, juu mviringo. Fungu huwa na mayai 100 hadi 200, pengine tabaka juu ya tabaka.

3. Msimsingizie funza wa mabua. Wapo wa aina mbalimbali. Mayai ya Chilo partellus ni bapa na yamelaliana kama magamba ya samaki, bila ule ukijivu juu yake. Busseola fusca yeye hutaga kwa kujificha, kati ya shina na ala ya jani, ile sehemu inayolikumbatia shina. Usipoibanua ala utaandika "shamba safi" na mwenye shamba atakucheka baadaye.

4. Rangi peke yake haitoshi. Yai huanza na weupe au ukijani hafifu, kisha huwa jeusi linapokaribia kuanguliwa. Kwenye joto ni siku 2 au 3 tu, kwa hiyo fungu la Ijumaa msilipangie Jumatatu. Pondeni kwa vidole palepale.

5. Kabla ya kuponda meusi, angalieni tena. Yai lenye kiwavi huonyesha kichwa kama nukta nyeusi ndani. Likiwa jeusi lote, huenda nyigu wadogo wa Trichogramma wamekwisha kutaga humo, na hao ni wenzetu, maana huliua yai. Mkikwama, kateni kipande cha jani, mtie chupani, mfunike kwa kitambaa. Viwavi wakitoka kesho yake, rudini shambani mkakague mimea ya jirani. Kukiwa kimya, huenda ni nyigu: chupa iachwe kivulini, na bomba la dawa libaki stoo.