Re: Kiwanja cha ufuoni au cha mstari wa pili?

Kati ya viwanja viwili unavyouliza ununue kipi, cha ufuoni na cha mstari wa pili, yaani nyuma ya vile vya ufuoni, mimi ningechukua hicho cha mstari wa pili, hasa kwa kuwa unasema mtaa wenyewe umeshaanza kukaliwa. Kabla hujalipa chochote, nenda wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, maji yakiwa yamejaa kabisa, uone yanaishia wapi. Miti ya ufuoni ikiwa mizizi nje, ujue bahari inakula ardhi. Chumvi ya hewani nayo hailazi damu: nondo na mabati ya nyumba iliyo karibu na mawimbi hushika kutu mapema. Halafu bisha hodi kwa majirani, uombe kuonja maji ya kisima chao, ujue kama yana chumvi. Dalali hakwambii hayo. Mipaka athibitishe mpimaji uliyemleta mwenyewe.