Mfupa wa Tendaguru na ubishi wenu

Mdogo wangu wa Lindi, umeuliza nani yuko sahihi: wewe msomi wa jiolojia unayesema mfupa wa dinosaria uliochimbwa Tendaguru, kile kilima cha huko Lindi, unajieleza wenyewe, au mjomba wako wakili anayesema kitu bila maelezo si ushahidi.

Mnajibu maswali tofauti. Mjiolojia huutazama mfupa ukiwa bado ardhini: umelala tabaka gani, na matabaka ya juu na chini yake yana makombe ya baharini? Ndivyo tulivyojua dinosaria wale wakubwa waliishi takribani miaka milioni 150 iliyopita, jirani na bahari. Ukiung'oa bila kuandika tabaka, nusu ya hoja imekufa. Mjomba naye mahakamani ataulizwa nani aliukamata, akamkabidhi nani, ukatunzwa wapi.

Halafu kuna swali mnalolipuuza wote wawili, na linaniuma. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, lakini wapagazi wetu ndio walioibeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mfupa ulioko makumbusho ya Berlin, Ujerumani, hausemi hilo. Linahitaji nyaraka na masimulizi ya wazee.

Mkikaa tena, muulize kwanza mjomba anataka kuthibitisha nini: umri, mmiliki, au safari ya mfupa? Kisha mwonyeshe daftari lako la matabaka. Atalielewa upesi, maana linafanya kazi ileile ya hati zake za makabidhiano.