Waridi la jangwani: maji ndiyo yanayoliua

Ukianza kukuza waridi la jangwani (Adenium obesum) hapa Mwanza, mbolea iache kwanza, shughulika na udongo. Huu ni mmea wa kwetu Afrika Mashariki, unaota penye ukame na mawe, na kile kitako kilichovimba ni tangi lake la maji. Uupande kwenye udongo mweusi wa mbuga, utaoza kabla hujaona ua.

Nenda kwa wagonga kokoto, uombe zile chenga zinazobaki. Zichekeche mpaka vumbi liishe, ubaki na punje za kati ya mtama na hindi. Kopo tatu za chenga, moja ya mchanga mkubwa wa mtoni, moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu. Mchanga laini wa ufukweni hapana, unajaza nafasi zote za hewa. Jaza chungu chenye matundu, mwagia maji: yakituama juu mpaka umehesabu kumi, vumbi bado limo.

Maganda ya mbegu hutoka mawili mawili, yamepinda kama pembe za ng'ombe. Yafunge uzi mapema. Kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, na ganda likipasuka upepo wa ziwani haukusubiri. Panda zikiwa bado mpya, maana hazikai muda mrefu. Loweka saa 2 hadi 4, zilaze, funika nusu sentimita. Zikipata joto huchomoza ndani ya siku 4 hadi 10. Kipande cha tawi nacho hushika, ila kitako kinene usikitarajie.

Mmea uliokomaa unywe mpaka maji yatoke chini, kisha usiguse tena mpaka kijiti cha mshikaki ukichomeka kitoke kikavu. Kiangazi, Juni hadi Agosti, majani yanaweza kupukutika. Haujafa, umelala, punguza maji. Hasara kubwa huja masika. Machi hadi Mei, sogeza vyungu chini ya paa lakini juani.

Kila wiki bonyeza kitako kwa kidole gumba. Kigumu, sawa. Kimelegea kina mikunjo na udongo ni mkavu, ni kiu tu. Kimelegea na udongo una maji, ni kuoza, na hapa wageni wengi hukosea: wanaongeza maji. Ng'oa, kata mpaka nyama iwe nyeupe bila doa hata moja la kahawia, ning'iniza kivulini wiki moja hadi mbili kidonda kikauke, ndipo upande upya. Mizizi ikikatwa kwa bahati mbaya wakati wa kuhamisha, ipe siku tano bila maji.

Vaa glavu unapokata. Utomvu wake ni sumu ya moyo, ileile Wahadzabe wa Eyasi wanayopaka mishale. Mabaki yafukie, mbuzi wasiyafikie.