Uvimbe wa ubongo: kabla hujalipia damu, ulizia nyama

Juzi dada mmoja wa Tabata kaniandikia ujumbe mrefu. Mumewe kapasuliwa kichwa, majibu yanasema uvimbe wa gredi ya 2 (ukali huhesabiwa 1 hadi 4), na sasa kuna maabara inamtaka apeleke damu ikapimwe "alama za saratani" ili wajue kama uvimbe ni mbaya. Anauliza, nilipe?

Usilipe, mdogo wangu. Hayo tumeyapitia na kaka yangu.

Kaka alianguka kifafa Mbagala Rangi Tatu, mtu mzima ambaye hata malaria haikuwahi kumlaza. Maneno ya majini na mashetani nayaruka, mnayajua. Akapigwa MRI, akapasuliwa. Tukiwa tunasubiri majibu ya nyama, yaani kipande cha uvimbe kilichotolewa kichwani, kijana wa maabara moja akamuuzia mama vipimo vya damu, CEA, PSA na vingine. Mama akatoa hela yake ya kikoba. Majibu yakaja yote kawaida. "Hongera mama, saratani hakuna." Mama akapiga vigelegele pale pale koridoni.

Vigelegele vile vinaniuma hadi leo. PSA ni ya tezi dume! CEA hufuatilia zaidi saratani ya utumbo mpana. Glioma, yaani uvimbe unaotokana na seli zinazoshikilia neva za ubongo, haina alama ya kuaminika ya kupima kwenye damu hivyo. Mtu anaweza kuwa na gredi ya 4 kichwani na karatasi ya damu ikatoka safi.

Jibu lilikuwa kwenye nyama. Daktari wa patholojia, Mungu ambariki, aliniita kwenye darubini. Viini vilivyojiandaa kugawanyika vilikuwa vimeshika rangi ya kahawia, hiyo ndiyo Ki-67, kipimo cha kuona seli ngapi zinagawanyika. Vya kaka vilikuwa vichache, vimetawanyika.

"Kwa hiyo si mbaya, daktari?"

"Dada, hii peke yake haitoshi. Tunataka IDH."

IDH ni kimeng'enya cha kawaida mwilini. Jeni yake ikibadilika, kinaanza kuzalisha kemikali iitwayo 2-hidroksiglutareti, inayojaa kwenye seli na kuvuruga jinsi jeni nyingine zinavyowashwa na kuzimwa. Cha ajabu, wenye mabadiliko hayo kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko wasio nayo. Ndiyo maana katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, glioma za watu wazima zinapewa majina kwa kuangalia IDH. Isipobadilika, halafu yakaonekana mabadiliko kwenye jeni za TERT au EGFR, au kwenye kromosomu za 7 na 10, uvimbe unaitwa glioblastoma gredi ya 4, hata kama kwenye darubini unaonekana mpole. Sasa mtu akikupa "gredi ya 2" bila IDH, kakupa nusu ya jibu.

Bloku, yaani nyama ya kaka iliyohifadhiwa, niliifuatilia mimi ili ikapimwe IDH. Wala si baba mdogo mwenye gari. Ni kiboksi cha plastiki, ndani nta nyeupe yenye vipande vya nyama visivyofika punje ya maharage, namba imeandikwa ubavuni kwa penseli. Niliibeba kwenye mkoba ndani ya daladala, nimeikumbatia. (Usiiache kwenye dashibodi juani, nta itayeyuka.) Majibu: IDH imebadilika, na vipande viwili vya kromosomu, 1p na 19q, vimepotea nakala moja moja. Jina likawa oligodendroglioma, aina mojawapo ya glioma. Kaka akapigwa mionzi Ocean Road, na leo yuko dukani kwake anauza spea na kugombana na wateja.

Kwa hiyo wapendwa, ulizeni nyama. Msione aibu mbele ya koti jeupe. Semeni, "Shikamoo daktari, Ki-67 ni ngapi, IDH imepimwa?" Kama ni glioblastoma, ulizeni na MGMT, maana jeni hiyo ikiwa imezimwa, vidonge vya temozolomidi hufanya kazi vizuri zaidi. Kipimo cha rangi cha IDH kikitoka hasi kwa kijana, ulizeni kama jeni yenyewe itasomwa, kwa sababu rangi hunasa badiliko moja tu, lile linalotokea zaidi. Ulizeni nyama!

Damu ina mahali pake. Uvimbe wa tezi ya pituitari, homoni ya prolaktini hupimwa kwenye damu. Mtoto au kijana mwenye uvimbe karibu na tezi ya pinea iliyo ndani ya ubongo, alama za AFP na beta-hCG hupimwa kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo, na hapo mdogo wangu, lipa haraka. Mumeo si huyo. Kesho asubuhi nenda alikopasuliwa, omba bloku kwa namba yake, usaini, na nakala ya karatasi ubaki nayo wewe.